AMRI YA TANO NA AMRI YA SABA KATIKA HISTORIA YA ITURI



Sisi makatekista tumefundisha mara nyingi amri ya tano inayokataza kuua, na amri ya saba inayokataza kuiba. Wakatekumeni huzijibu vizuri, kila moja mahali pake. Lakini ni wachache wanaouliza: Je, amri hizi mbili zina undugu gani? Somo la leo ni jibu la ulizo hilo. Hatutalitafuta mbali, bali katika historia ya nchi yetu wenyewe, tangu siku za babu zetu mpaka siku zetu. Tutaona neno moja: watu wa nchi hii waliibiwa kwanza, ndipo walipouawa. Na kila mara watu walipotaka amani pasipo kurudisha kilichoibiwa, amani hiyo haikudumu.

1. Shamba la Naboti

Tuanze na Maandiko Matakatifu, katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu la jirani yake Naboti. Naboti alikataa kulitoa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Mfalme akalala kitandani, akakataa kula. Ndipo mkewe Yezabeli alipoandika barua kwa jina la mfalme na kuzitia muhuri. Wakatafutwa watu wawili wa kumshuhudia Naboti uwongo, naye akapigwa mawe akafa. Ahabu akashuka kulitwaa shamba. Lakini Mungu alimtuma nabii Eliya amkute pale pale shambani, amwambie kosa lake.

Angalieni utaratibu wa dhambi hiyo. Kwanza tamaa, kisha karatasi yenye muhuri, kisha ushahidi wa uwongo, na mwisho damu. Yeyote aliyefika mwishoni tu aliona maiti ya mtu mmoja. Aliyetazama tangu mwanzo aliona shamba. Shikeni mfano huu, maana tutaukuta tena.

2. Mpira, na vijiti vya Lontulu

Katika karne ya 19 misafara ya wafanya biashara ya watumwa ilifika hata msitu wa Ituri. Mwaka 1888 Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazili juu ya ubaya wa utumwa, na mwaka huo huo Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alizunguka miji ya Ulaya akihubiri kwamba watu wasiuzwe kama mbuzi. Wengi walisikia. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji naye alisema kwamba anataka kuwaokoa watu wa Kongo na utumwa. Lakini katika nchi ile aliyoitawala tangu 1885 kana kwamba ni shamba lake mwenyewe, maaskari na makampuni waliwalazimisha watu kuleta mpira wa porini. Kijiji kilichopunguza kipimo kilichomwa, wanawake walifungwa kama rehani, na wengi waliuawa. Utumwa ulikemewa kwa mdomo, ukarudishwa kwa mkono.

Nani alisema kweli? Wamisionari kadhaa wa Kiprotestanti walisema. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, aliandika taarifa iliyotolewa mwaka 1904. Haifai kuficha kwamba Wakatoliki wengi walinyamaza siku hizo. Hata hivyo, mwaka 1906 padri Myezuiti Arthur Vermeersch alitoa kitabu cha kuyashutumu mambo hayo mbele ya Wabelgiji.

Lakini zaidi ya hao wote tumkumbuke Mkongo mmoja, sultani Lontulu wa Bolima. Tume ya waamuzi ilipokuja kuuliza habari, Lontulu alileta vijiti 110, akaviweka mezani mbele yao. Kila kijiti kilikuwa mtu mmoja wa kwake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Akavigawa katika mafungu manne: wakubwa wa kijiji, wanaume, wanawake, watoto. Hakuleta karatasi wala muhuri. Alileta hesabu ya kweli. Taarifa ya tume ilitolewa mwaka 1905, na tarehe 15 Novemba 1908 mfalme alinyang'anywa Kongo, ikawa koloni la taifa la Ubelgiji. Yezabeli alishinda kwa mashahidi wa uwongo. Lontulu alisaidia kuuangusha utawala kwa ushahidi wa kweli.

3. Mwenye heri Isidori Bakanja

Je, baada ya 1908 mateso yalikwisha? La. Isidori Bakanja, kijana aliyebatizwa mwaka 1906, alikuwa mtumishi katika shamba la kampuni moja huko Ikili. Alisali rozari, aliwafundisha wenzake sala, na alivaa skapulari ya Bikira Maria. Mzungu msimamizi wa shamba alichukia jambo hilo. Alimwamuru aivue, naye alipokataa, alimpigisha mjeledi wa ngozi ya tembo uliotiwa misumari, zaidi ya mapigo mia mbili. Mgongo wake ulioza. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, na tarehe 24 Aprili 1994 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye heri.

Wote husimulia kwamba Bakanja alimsamehe aliyempiga, na kuahidi kumwombea mbinguni. Ni kweli. Lakini sehemu ya pili husahauliwa. Bakanja aliwaomba wenzake kwamba wakimwona mama yake, au mwamuzi, au padri, wawaambie sababu ya kufa kwake. Msimamizi yule alihukumiwa akafungwa. Basi Mwenye heri huyo alisamehe kwa moyo wote, wala hakutaka kweli izikwe pamoja naye. Kusamehe si kuficha. Anayewaambia maskini: «Sameheni, kwa hiyo nyamazeni», anafundisha nusu tu ya Bakanja.

4. Dhahabu ya Kilo

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1903 dhahabu ilionekana upande wa Kilo, na mwaka 1905 kazi ya kuichimba ilianza. Serikali iliwaagiza masultani watoe vijana kwa hesabu: hawa wachimbe, hawa wabebe mizigo, hawa walime chakula cha wachimbaji. Aliyekosa fedha ya kodi hakuwa na njia ila kwenda kuitafuta mgodini. Aliyekimbia alirudishwa kwa kiboko, adhabu ambayo haikufutwa katika Kongo ya Wabelgiji mpaka mwaka 1959. Mwaka 1926 ilianzishwa kampuni ya Kilo-Moto. Dhahabu ilisafiri mbali sana, na wengi wa walioichimba walirudi vijijini na kifua kibovu.

Eklezya ilikuwa imekwisha kusema. Katika barua yake ya tarehe 15 Mei 1891, Papa Leo XIII alifundisha kwamba mshahara unapaswa kutosha kumtunza mfanya kazi, na kwamba kumdhulumu ujira wake ni dhambi kubwa. Barua hiyo ilikuwa na umri wa miaka kumi na minne siku jembe la kwanza lilipopigwa Kilo. Fundisho lilikuwapo, kilichokosekana ni watu wa kulishika.

5. Karatasi za mashamba

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Wakoloni walipoondoka, mashamba yao makubwa ya Ituri yalibaki na mipaka yake. Kisha ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973. Sheria hiyo ilisema ardhi yote ni mali ya taifa, na mtu hupewa haki ya kuitumia kwa hati. Mkulima aliyelima kilima cha babu zake hakuwa na hati, wala hakujua kwamba inatakiwa. Mwenye fedha na rafiki katika ofisi aliweza kupata hati juu ya ardhi yenye watu ndani yake. Miaka miwili ikipita pasipo mtu kushtaki, hati ile haikuweza kupingwa tena. Wakulima wengine walipata habari siku walipoambiwa wahame.

Mwaka 1999, katika usultani wa Walendu Pitsi wa teritwari yetu ya Djugu, ugomvi wa namna hiyo uliwaka kati ya Wahema wenye mashamba makubwa na Walendu waliokaa humo. Majeshi ya Uganda yalikuwa nchini. Maofisa wao walitia mkono, na silaha zikaenea pande zote. Ugomvi wa mashamba machache ukageuka vita vya makabila mawili ambayo walikuwa wameoana, wameuziana maziwa na mihogo, na kupiga magoti katika Misa moja. Tumekumbuka Naboti? Tamaa, karatasi yenye muhuri, maneno ya uwongo juu ya jirani, kisha damu. Kufikia mwaka 2003 watu zaidi ya 50,000 walikuwa wameuawa, na nusu milioni wamekimbia makwao.

6. Siku mbili za Februari

Tutataja siku mbili tu. Tarehe 24 Februari 2003 wapiganaji Walendu na Wangiti walishambulia kijiji cha Bogoro, na wengi wa waliouawa walikuwa Wahema. Karibu siku hiyo hiyo, upande wa Kobu, watu wa Kilendu walialikwa na jeshi la UPC kwenye mkutano wa mapatano huko Sangi. Waliokwenda walikamatwa, na wengi waliuawa katika shamba la migomba. Kwa hiyo hapana kabila linaloweza kusema: «Sisi tulilia tu.» Na tuone pia kwamba huko Sangi neno amani lenyewe lilifanywa mtego. Tangu hapo, mtu akisita anapoitwa kwenye mkutano wa amani, tusimcheke.

Mwezi Aprili 2003 wajumbe 177 walikutana Bunia katika tume ya kutuliza Ituri, wakaweka uongozi wa muda. Lilikuwa tendo jema. Lakini wenye bunduki hawakuziweka chini, na ulizo la mashamba halikujibiwa. Mwezi uliofuata, majeshi ya Uganda yalipoondoka, Bunia iliwaka moto, na watu waliuawa hata ndani ya parokia ya Nyakasanza. Tarehe 30 Mei Umoja wa Mataifa uliruhusu jeshi la Ulaya kuja kuulinda mji, nalo likakaa mpaka Septemba.

7. Hukumu ina jina la mtu

Baada ya vita, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko La Haye iliwaita watu wa Ituri. Thomas Lubanga alihukumiwa mwaka 2012, miaka 14, kwa kuwatia watoto wenye umri chini ya miaka 15 katika jeshi lake. Germain Katanga alihukumiwa mwaka 2014, miaka 12, kwa ajili ya Bogoro. Bosco Ntaganda alihukumiwa mwaka 2019, miaka 30, na mauaji ya Kobu yalikuwa kati ya makosa yake. Mathieu Ngudjolo aliachiliwa mwaka 2012, kwa kuwa ushahidi haukutosha.

Watu wengine walinung'unika: wakubwa wengi hawakuguswa, na kesi zilidumu miaka mingi. Manung'uniko hayo yana sababu. Lakini lipo fundisho moja lisilofaa kupotea. Waamuzi hawakumhukumu Mhema, wala Mlendu, wala Mngiti. Walimhukumu mtu mwenye jina, kwa tendo lenye tarehe na mahali. Na pasipo ushahidi wa kutosha walimwacha aende zake. Haki huuliza: Nani alifanya? Kisasi huuliza: Ni kabila gani? Anayemkata mtoto wa jirani kwa kosa la mtu asiyemjua amemfanya Naboti mwingine.

Mahakama iliamuru pia malipo. Mwaka 2017, katika kesi ya Katanga, watu 297 waliopata hasara walipewa kila mmoja dola 250 za heshima, pamoja na ahadi ya msaada wa nyumba, kazi na masomo. Dola hizo haziwezi kumfufua mtu. Lakini wahenga wetu walisema: Dawa ya deni ni kulipa. Malipo hata kidogo yanakiri kwamba deni lipo.

8. Vita vilivyorudi

Mwezi Desemba 2017 mauaji yalianza tena Djugu, kundi la CODECO likapata nguvu, na makundi mengine yakaundwa kupigana nalo. Tarehe 6 Mei 2021 serikali iliweka Ituri chini ya utawala wa kijeshi. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022 watu wapatao 60 waliuawa katika kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo. Walikuwa wamekwisha kunyang'anywa nyumba na shamba; kilichobaki kilikuwa uhai.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Februari 2023, Papa Fransisko aliwapokea Kinshasa watu walioumizwa wa mashariki ya nchi. Ushuhuda kutoka Bunia ulisomwa mbele yake. Waliokuja waliweka chini ya msalaba vyombo kama vile vilivyowaumiza, kisu na panga. Baba Mtakatifu alikemea tamaa ya mali inayolisha vita hivi. Yeye naye aliona amri ya saba nyuma ya amri ya tano.

9. Mtu aliyesimama kizuizini

Ninyi wakazi wa Iga Barrière mnajua vizuri kizuizi cha njia ni kitu gani, maana neno hilo la Kifaransa limo katika jina la mahali penu. Kizuizini mtu mdogo anapata mamlaka kubwa. Anaweza kumwacha mama apite na kikapu chake cha mihogo, au kumnyang'anya. Anaweza kufumba macho kwa noti moja.

Huko Goma alikuwako kijana aitwaye Floribert Bwana Chui, mfanya kazi wa ofisi ya serikali inayopima bidhaa zinazoingia nchini. Walimletea fedha ili aruhusu vyakula vilivyoharibika viuzwe kwa watu. Alikataa. Mwezi Julai 2007 walimteka wakamwua, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa huko Roma kuwa Mwenye heri. Hakuwa askofu wala padri. Alikataa kuiba, na kwa kukataa huko aliwakinga watu asiowajua wasiuawe na sumu. Hapo mnaona amri mbili zikitimizwa kwa tendo moja.

10. Tufanye nini?

Ndugu wapenzi, hatuwezi kuwanyang'anya silaha wapiganaji, wala kubadili sheria za Kinshasa kwa mkono wetu. Lakini yako mambo ya kijijini yaliyo katika uwezo wetu.

La kwanza ni mashamba. Aliyekimbia akirudi na kumkuta mwingine analima shambani kwake, wazee wa pande zote mbili wapite pamoja katika mipaka, mchana, mbele ya vijana wa makabila yote mawili, na neno walilopatana liandikwe. Aliyelima amalize kuvuna alichopanda, kisha aondoke. Mwenye shamba asimwite mwizi kabla ya kuuliza, maana labda naye alifukuzwa kwake.

La pili ni ushahidi. Majina ya waliokufa katika kila kijiji yaandikwe, ya Wahema na ya Walendu, bila kuficha upande mmoja. Kijiti cha mtoto wa jirani ni sawa na kijiti cha mtoto wako. Atakayetunza orodha ya kabila lake peke yake anaandaa vita vya kesho.

La tatu ni mikono yetu wenyewe: mizani ya dhahabu, mshahara wa mchimbaji, fedha ya kizuizini, sahihi ya mzee wa kijiji. Katika mambo hayo madogo ndiko vita vinakopata mbegu. Asiyejua afanyeje aende kwa Tume ya Haki na Amani ya Eklezya. Papa Paulo VI aliianzisha ya Roma mwaka 1967, na majimbo yetu yakafuata.

MAULIZO NA MAJIBU

U. Kwa nini vita vya Ituri vilianza mwaka 1999?
J. Vilianza katika ugomvi wa mashamba huko Djugu, kisha tamaa, silaha na uwongo vikaugeuza kuwa vita vya makabila.

U. Isidori Bakanja alisameheje?
J. Alimsamehe aliyempiga, akamwombea, lakini aliomba kweli ya kifo chake ifike kwa mama yake, kwa mwamuzi na kwa padri.

U. Haki na kisasi vinatofautianaje?
J. Haki hutafuta mtu aliyetenda na ushahidi wa tendo lake. Kisasi huchukua yeyote wa kabila lake.

U. Je, inatosha kuacha kupigana ili tuwe na amani?
J. Haitoshi. Yafaa pia kurudisha kilichoibiwa, kusema kweli, na kumlipa kila mtu haki yake.

U. Mkristu aanze wapi?
J. Aanze na kile alichonacho mkononi mwake kisicho chake.